Kizibao cha Kumi na Mbili

Mwanamume aliyevishwa koti lililoshikizwa kwa pini ndiye mpole kuliko wanaume wote. Hawezi kuinama, hawezi kukunja mikono kifuani, hawezi hata kucheka akashiba. Ndiyo maana mimi maneno yangu mazito huyaweka mpaka siku ya kupima, na wanawake wenzangu mkitaka siri ya amani ya nyumba, chukueni hiyo. Lakini Alhamisi ile sikuwa na neno zito hata moja. Nilikuwa na furaha tu, tena furaha ya kijinga kabisa.

"Simama wima," nilimwambia mchumba wangu. "Mbona unajikunja?"

"Nikisimama wima unanichoma."

"Nikikuchoma nitakupuliza, kama panya. Simama."

Alisimama. Alikuwa juu ya kile kibao chetu cha kupimia, katikati ya chumba cha kushonea, koti la harusi likiwa na mkono mmoja tu. Mkono wa pili ulikuwa bado mezani. Likizo yake ya siku kumi kutoka vitani ilikuwa imebaki siku tatu. Jumapili asubuhi gari la jeshi lingemchukua, akamalizie miezi miwili ya mwisho ya mkataba wake, arudi, avue gwanda, na wiki tatu baada ya hapo tuoane. Hivyo ndivyo tulivyopanga, na hivyo ndivyo nilivyokuwa nikilala na kuamka.

"Umekonda, Sajini," nilisema. Nilianza kumwita Sajini kwa kumtania, kama wanavyomwita vijana wake, kisha mdomo ukazoea.

"Sijakonda. Koti ndilo limenenepa."

"Koti halili. Asiyekula ni wewe. Kifua kilikuwa thelathini na nane, leo nakipima mara mbili kinaniambia thelathini na sita."

"Hizo inchi mbili zimeisha kwa kukuwaza."

"Mwongo huyo!" alidakia shangazi yangu kutoka kwenye meza ya pasi. Shangazi ndiye mwenye duka, na masikio yake hayana mlango. "Anayewaza mapenzi hapungui kifua, anapungua akili. Mwangalie mwenzako, jana kashona suruali ya mtu, mfuko ukatazama nje."

Tulicheka wote watatu. Yeye akacheka akachomwa na pini, akasema "mama wee," tukacheka zaidi. Nilipopiga magoti kumpima urefu wa suruali niliinua macho, nikamkuta ananitazama. Sijui niseme vipi. Alinitazama polepole, usoni, shingoni, kwenye vidole vyangu vyenye chaki, kisha akaanza tena juu. Nilidhani ni mapenzi. Yalikuwa mapenzi, sikatai, ila leo najua yalikuwa na jambo jingine ndani yake, na fundi mzima mimi sikuliona.

Shangazi alikunja magauni ya wateja, akayatia kwenye mfuko. "Nayapeleka," alisema. "Nikirudi nisikute pini zimemwagika sakafuni kwa mambo yenu." Akatoka.

Sasa lazima nieleze jambo moja kabla mama yake hajaingia, maana akiingia huyo hakuna atakayepata nafasi ya kueleza kitu.

Sajini ana vijana kumi na mmoja chini yake. Jeshi linawapa nguo za saizi tatu, ndogo, ya kati na kubwa, kana kwamba Mungu naye aliumba saizi tatu. Ndipo mwaka jana mwanzoni akaniletea orodha ya vipimo vyao, akaniuliza kama naweza kuwashonea fulana za ndani zinazowatosha. Wanawake wa mtaani kwetu walichanga vitambaa, mimi nikashona. Tangu hapo sijaacha. Fulana, soksi nzito, mifuko ya kulalia. Sijawahi kumwona hata mmoja wao kwa macho, lakini nawajua kwa shingo na viuno. Yuko Twiga, ambaye mikono yake haiishi. Yuko Kipipa. Yuko Mhubiri, bega moja liko chini kuliko jingine kwa sababu ya jeraha. Na yuko Kitinda, mdogo wao, miaka kumi na tisa, ambaye kila orodha ikija kifua chake kimeongezeka nusu inchi. Wenzake wanakonda kule, yeye bado anakua.

Hao nawapenda. Vita vyao sivitaki. Sivitaki leo, sikuvitaka jana, na kila Jumamosi saa nne asubuhi nasimama na wanawake wenzangu mbele ya ofisi kuu ya jeshi, kimya, tumeshika kitambaa kirefu kilichoandikwa WARUDISHENI. Herufi zake nimezishona mimi, mshono mara mbili, zisibanduke kwa upepo. Sajini anajua. Tuligombana kwa hilo mwanzo, wiki nzima, kisha akasema, "Wewe simama huko, mimi nasimama kule, tukutane katikati." Tulikuwa tunakutana katikati vizuri tu.

Mama yake ndiye aliyekuwa hakutani na mtu katikati.

Aliingia bila kubisha hodi. Ni mwalimu mstaafu, miaka thelathini na tano ya chaki, na mpaka leo akiingia mahali watu hunyamaza. Alikuwa amekuja kujaribu gauni lake la harusi.

"Shikamoo mama," nilisema, pini mdomoni.

"Marahaba. Toa hizo pini mdomoni, utazimeza." Akamzunguka mwanawe, akamkagua. "Bega la kushoto limepanda."

"Halijamalizwa, mama," Sajini alisema.

"Najua halijamalizwa, nina macho." Akaketi kwenye kiti cha wateja, akaweka mkoba mapajani. "Fundi, Jumamosi ulikuwa wapi?"

Hakuwahi kuniita mwanangu. Mkwe pia hakuniita. Fundi, basi, kama mteja yeyote.

"Nilikuwa mahali ninapokuwa kila Jumamosi, mama."

"Jirani yangu kanionyesha picha kwenye simu. Wewe uko mbele kabisa, umeshika kile kitambaa. Mchumba wa mwanangu! Mwanangu anajitoa mhanga kule vitani, na mke mtarajiwa anasimama barabarani anawaambia watu kazi yake ni upuuzi."

"Sijasema kazi yake ni upuuzi. Nimesema arudishwe."

"Ni yale yale."

"Si yale yale, mama. Mtu akitumbukia kisimani unamtupia kamba. Hujakisifu kisima."

"Na ukimtupia kamba huku unamwambia alikuwa mjinga kukaribia kisima, atakuwa na nguvu ya kuishika?" Alikuwa mwalimu kwelikweli. "Hao vijana unaowashonea, unadhani hawaoni picha?"

"Wameziona," Sajini alisema.

Nilimtazama. Hakuwahi kuniambia.

"Waliziona mwezi uliopita," alisema, akiwa bado amenyoosha mikono kando kama nilivyomwamuru. "Mhubiri alivua fulana yako, akasema havai nguo ya mtu anayewaombea washindwe. Kipipa akamwambia basi nipe mimi. Akakataa kumpa. Usiku wa pili baridi ikamhubiria, akaivaa."

"Na wewe ulisema nini?"

"Nilisema aliyeshona hiyo fulana ameweka pindo la ziada begani kwa sababu anajua linakuuma. Sasa niambie kama huyo ni adui yako."

Niligeuka nikajifanya natafuta mkasi. Machozi yangu hayana adabu, yanakuja bila kuitwa.

"Maneno matamu," mama yake alisema, lakini sauti ilikuwa imeshuka. "Mimi nasema hivi. Siku ya harusi patakuwa na wakubwa wake wa kazi pale. Sitaki kuulizwa. Uchague, fundi. Ukiingia nyumbani kwangu, kitambaa kile kibaki nje."

"Mama, tafadhali," Sajini alisema. "Tuyaache. Fundi wangu, kabla sijasahau, kuna orodha kwenye mfuko wa shati langu, pale kitini. Kabla ya baridi watahitaji vizibao vya kuvaa chini ya gwanda. Vyenye pamba ndani, kama unaweza."

Alitaka kuzima ugomvi, maskini, akachukua kitu cha kwanza kilichomjia kichwani.

Desturi yangu na orodha za vipimo ni kwamba haziandikwi kwa kunakili. Mtu mmoja asome kwa sauti, mwingine aandike kwenye daftari la duka. Shangazi alinifundisha hivyo nikiwa binti mdogo. Jicho linalonakili huruka mstari, lakini sikio haliruki. Shangazi hakuwapo. Mama mkwe akanyoosha mkono, akavaa miwani.

"Lete. Nimewasomea watoto imla miaka thelathini na tano, vizibao vitanishinda?"

Nikampa karatasi, nikafungua daftari. Ilikuwa mara ya kwanza tunafanya kazi pamoja, mimi na yeye, na niseme ukweli, nilifurahi.

"Vizibao vya baridi," alisoma kwa ile sauti ya darasani, kila neno na nafasi yake. "Idadi, kumi na viwili. Vifike kabla baridi haijaanza. Namba moja. Twiga. Kifua, thelathini na saba. Kiuno, thelathini. Mkono, ishirini na saba. Ishirini na saba? Huyu ni mtu au ngazi?"

"Ni mtu, mama," nilisema, nikaandika.

"Namba mbili. Kipipa."

Tukaenda hivyo. Alisoma, niliandika. Alikuwa akituliza sauti kwenye kila jina, na tulipofika kwa Kitinda akauliza ana miaka mingapi, nikamwambia, akasema, "Huyo alipaswa kuwa shuleni," kisha akajikohoza kama aliyesema neno baya. Sajini alikuwa kimya juu ya kibao. Nilidhani amechoka kusimama.

"Namba kumi na moja, Dobi. Kifua, thelathini na tisa. Kiuno, thelathini na tatu. Mkono, ishirini na nne. Namba kumi na mbili. Sajini. Kifua, thelathini na sita. Kiuno, thelathini. Mkono—mbona huandiki?"

Kalamu ilikuwa imesimama.

"Andika, binti. Mkono, ishirini na nne na nusu."

"Mama," nilisema, "baridi inaanza lini?"

"Baada ya miezi mitano. Kwani hujui majira?"

"Harusi ni lini?"

Alishusha macho kwenye karatasi, akayainua kwa mwanawe, akayashusha tena. Mtu aliyesahihisha madaftari maisha yake yote hahitaji kuelezwa kosa mara mbili.

Sajini alisema haraka, "Ni mazoea. Huwa najiandika wa mwisho, mkono umejiandikia wenyewe. Futa tu."

Nilitaka kumwamini. Mungu wangu, nilivyotaka! Nilikuwa tayari kuchukua kalamu nikakate ule mstari tukacheke, tukamsimulia shangazi akirudi. Lakini mimi ni fundi, na namba zilikuwa zinanitazama.

"Mazoea yangeandika thelathini na nane," nilisema.

"Nini?"

"Kifua chako kwenye orodha zote ni thelathini na nane. Umekonda juzijuzi tu, hata mimi nimejua leo, kwa futi hii. Wewe umeandika thelathini na sita. Ulijipima huko, pamoja na wenzako, umejipima kizibao cha baridi. Mazoea hayajipimi, Sajini."

Pasi ilikuwa ikitoa mvuke mezani kwa shangazi. Nikaenda nikaichomoa, maana hata moyo ukivunjika nguo za watu zisiungue. Nilipogeuka alikuwa bado amenyoosha mikono kando.

"Shusha mikono," nilisema.

Aliishusha. "Nimeongeza mwaka mmoja," alisema. "Nilitia sahihi wiki tatu zilizopita. Nilikuwa nikuambie kesho."

"Kesho."

"Au Jumamosi."

"Jumamosi ningekuwa barabarani nimeshika kitambaa kilichoandikwa warudisheni. Ungekuja kuniambia palepale? Ungenishikia upande mmoja?"

"Usinikejeli, mpenzi wangu."

"Usiniite mpenzi, nitakuchoma na pini na sitapuliza!"

Siku saba alikuwa nyumbani. Siku saba tumekula sahani moja, ameshika mkono wangu mbele ya watu, amechagua na mimi rangi ya mapazia. Alisimama akachagua mapazia ya nyumba ambayo alijua hataingia. Njano ndiyo aliyochagua, akasema inachangamsha.

"Kwa nini?" niliuliza. "Unaviamini vita hivyo? Niambie unaviamini, nitanyamaza."

"Siviamini," alisema, na mama yake akashtuka. "Sijui kile kilima tunakilinda cha nini. Usiku nikiwa zamu nakiangalia, sioni hata mti. Sikuongeza mwaka kwa ajili ya kilima. Kikosi cha jirani kilibadilishiwa sajini miezi minne iliyopita. Mtu mzuri, ila mgeni, hakujua nani anaogopa nini. Wiki moja walizika watano. Sasa mimi nimwachie nani Kitinda? Yule akisikia mlipuko anakimbia kuelekea kwenye mlipuko. Lazima mtu awe ameshika mkanda wake. Wakati wote, ameshika mkanda. Mgeni hajui."

"Na mimi nani atanishika mkanda?"

"Wewe ni jasiri."

"Nani kakwambia? Nimewahi kukwambia mimi ni jasiri?"

Mama yake alisimama. Karatasi ilianguka, hakuiokota.

"Mwaka mwingine?" alisema. Ile sauti ya darasani haikuwepo tena. "Mwanangu, zamu yako umeimaliza. Umefanya ulichotakiwa. Waende wengine."

"Wewe ndiye uliyenifundisha mwanamume haachi kazi nusu, mama. Umenipigia simu kila wiki ukaniambia unajivuna."

"Nilisema nikijua unarudi!" Alipaza sauti, akaziba mdomo kwa kiganja. "Nilisema kwa sababu ulikuwa unarudi. Nilikuwa nahesabu siku kwenye kalenda nyuma ya mlango wa kabati, mtu asione. Nyie mlidhani najivuna tu, kumbe silali!"

Akanigeukia mimi. Akaja akanishika mikono yote miwili, na mikono yake ilikuwa ya baridi.

"Mzuie," aliniambia. "Mwanangu, mzuie. Mimi hanisikii, wewe atakusikia. Simama na kitambaa chako, kisimamishe hata sebuleni kwangu, sitasema neno. Mzuie tu."

Miaka miwili nilikuwa nalisubiri hilo neno mwanangu, na lilikuja vile.

Sajini alishuka kwenye kibao. Alikuja mpaka mbele yangu na lile koti lake la mkono mmoja, nyuzi nyeupe za kushikizia zikining'inia, na nikaona kwamba yeye pia alikuwa analia, kimya, bila kujifuta.

"Karatasi haijafika makao makuu," alisema. "Iko kwa mkuu wangu mpaka Jumatatu. Naweza kumpigia simu leo hii akaichana. Ananielewa yule." Akamtazama mama yake, kisha mimi. "Niambie nibaki. Wewe useme. Useme baki, na mimi nabaki. Naapa mbele ya mama."

Neno lenyewe ni dogo. Baki. Lilikuwa mdomoni tayari, lina joto, nilikuwa nalisikia kwenye meno. Msinione nina moyo wa jiwe. Nilitaka aingie kwenye nyumba ya mapazia ya njano, nimsikie akikoroma, nimgombeze kwa kuacha viatu mlangoni, tuzeeke tukichokana kama watu wengine. Kwa mwaka mzima na nusu nimesimama juani nikiwadai wakubwa neno hilihili, na sasa lilikuwa limewekwa mkononi mwangu.

"Wewe unataka nini?" nilimuuliza.

"Nataka useme."

"Hilo si jibu. Mimi nikiwa sipo, mama akiwa hayupo, unataka kubaki au unataka kwenda?"

"Nikikuacha nitakufa kwa majuto. Nikiwaacha wao nitakufa kwa majuto. Ndiyo maana nakwambia sema wewe."

"Nikisema baki, na Kitinda akakimbilia mlipuko hakuna aliyemshika mkanda?"

Alianza kuichezea pini ya begani.

"Simu ikija, Sajini. Tumeoana, tumekaa mezani, simu inakuja kwamba Kitinda hayupo. Utamtazama nani?"

"Sitakulaumu."

"Sikuuliza utamlaumu nani. Utamtazama nani?"

Macho yake yalihama kutoka usoni kwangu, yakaenda kwenye daftari pale mezani, kwenye yale majina. Hapo nikawa nimejibiwa. Ningekuwa na mwili wake nyumbani, na siku moja angenigeuzia uso, na nisingekuwa na pa kusimama.

"Ulipotia sahihi hukuniuliza," nilisema. "Hukuja kuniambia, sema niende. Kwenda ulijipeleka mwenyewe. Kwa nini kubaki unataka nikuamuru mimi?"

"Kwa sababu siwezi mwenyewe!"

"Basi huwezi. Mimi si mkuu wako wa kikosi."

"Mwanangu, acha ukaidi!" mama yake alilia. "Huu si wakati wa hoja! Sema tu, neno moja!"

"Nimechoka na watu wanaowaamuru wanaume kwenda," nilisema, "na sitakuwa yule anayemwamuru kurudi ili alale kitandani kwangu kama yuko gerezani. Ukitaka kubaki, Sajini, baki. Piga hiyo simu sasa hivi, mimi niko hapa, tutaoana hata kesho na koti la mkono mmoja. Lakini ipige wewe."

Simu ilikuwa kwenye shati lake, kitini, hatua tatu. Aliitazama. Wote watatu tuliitazama. Sijui tulisimama muda gani. Nje mtu alipita akipiga mluzi, akaenda, mluzi ukaisha, na Sajini alikuwa bado amesimama mahali palepale.

Kisha akaanza kulivua koti. Alilivua vibaya, kwa haraka, pini zikamkwaruza, nikalazimika kumsaidia. Nilimvua kwa utaratibu, bega moja, halafu jingine, kama ninavyomvua mteja yeyote. Kwenye shati la ndani lilikuwepo doa dogo la damu. Alinishika kiwiko.

"Utanisubiri?" aliuliza.

"Hapana."

"Vizibao?"

"Vizibao utavipata. Vyote kumi na viwili. Hao wengine hawajanikosea, na wewe baridi itakuua bure." Nililikunja koti. "Lakini vifike kwako kama vinavyofika kwa Twiga. Hatuna jingine, mimi na wewe."

Alinitazama kwa namna ambayo sitaieleza, ni yangu. Alivaa shati lake, simu ikiwa mfukoni, hakuigusa. Akamwinamia mama yake, akambusu kichwani, akasema nitakuona nyumbani, mama, akatoka. Hakugeuka. Nilisimama nikiomba ageuke, na huku nikijua akigeuka nitalisema lile neno. Hakugeuka.

Mama yake alibaki. Aliketi tena kwenye kiti cha wateja, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alionekana mzee. Nilipiga magoti kuokota pini sakafuni, maana mikono yangu ilitaka kazi.

"Angebaki," alisema. "Ungesema, angebaki."

"Angebaki, mama. Angetii. Amezoea kutii, hiyo ndiyo kazi yake. Mimi nilitaka mume. Sikutaka mtu aliyekaa kwangu kwa amri."

Alifungua mkoba, akatia miwani yake ndani, akaufunga, akainuka. Mlangoni alisimama, amenipa mgongo.

"Mimi ningemchukua hivyohivyo, fundi," alisema. "Kwa amri, kwa kinyongo, bila kunisemesha mpaka nife. Ningemchukua hivyohivyo, mradi apumue."

Akaenda zake. Nilibaki nimepiga magoti, nikiokota pini moja moja kabla shangazi hajarudi.